Jiwe Chini ya Mzeituni wa Nne

Mwezi wa Pianepsioni, siku ya nane

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kujuta ndiko kuwa mwema. Mtu humpiga mtumwa wake jioni bila sababu, asubuhi analia, na majirani wanasema kumbe ana moyo mzuri. Mimi nilisomeshwa mjini nikiwa kijana, miaka mitatu, na mwalimu wangu alituonyesha kwamba majuto si wema. Ni alama tu kwamba nafsi imegawanyika, sehemu moja inavuta huku na nyingine inavuta kule, kama ng'ombe wawili wa kulima wasiolingana kimo. Aliye mwema kweli hutenda bila kushindana na nafsi yake, kwa hiyo hana la kujutia. Nina umri wa miaka sitini na saba, na nikitazama nyuma naona, bila kujisifu, kwamba ninayo machache sana.

Naandika upande wa nyuma wa magombo yaleyale niliyoandikia mafundisho ya mwalimu. Hedile, mke wangu, anasema afadhali, maana upande wa mbele haujawahi kumsaidia mtu kuchuma zeituni. Mwaka jana miti ilipumzika. Mwaka huu imezaa mpaka matawi yanagusa chini. Nitaandika kidogo kidogo mpaka mavuno yaishe, ili atakayelima shamba hili baada yangu ajue mambo yanavyokwenda.

Jana tulipika chungu cha maharage cha sikukuu. Jirani yetu Smikitho alikuja kula, akishika ukuta kwa mkono, kwa sababu macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe na sasa anaona mwanga tu. Mavuno yakiisha binti yake, Fanostrata, atakuja kumchukua akaishi naye Ramno, pwani. Hedile alimjazia bakuli mara tatu. Nitamkosa mzee huyu. Tulijifunza kuogelea pamoja, na mimi ndiye niliyekaribia kuzama.

Siku ya kumi na moja

Tumeanza kuchuma upande wa juu. Mgongo unauma.

Siku ya kumi na tano

Leo kijana mmoja aliyepita na punda alimwamkia Smikitho kama watu wote wanavyomwamkia hapa: "Mzee, umelipata jiwe?" Smikitho akajibu kwamba bado, ila amepata jino moja lililolegea, kama kijana atalitaka. Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Atakayesoma lazima ajue asili ya utani huu. Shamba langu na la Smikitho yanatenganishwa na korongo. Miaka ishirini na miwili iliyopita Smikitho alidai kwamba mpaka wa kweli si korongo, bali ni jiwe alilosimamisha babu yake, na kwamba mizeituni minne iliyo upande wangu wa korongo ni yake. Jiwe lenyewe halikuonekana popote. Tukaenda kwa msuluhishi. Desturi yetu ni kwamba upande mmoja unaweza kuutaka upande wa pili uape. Ukiapa, umeshinda na maneno yamekwisha. Smikitho akasema, "Basi Antidoro aape." Nikaapa mbele ya kijiji kizima, mkono juu ya madhabahu ya Zeu wa Mipaka, kwa kichwa changu na kwa nyumba yangu yote, kwamba mpaka ni korongo, kama baba yangu alivyonionyesha.

Baada ya hapo Smikitho akawa mtu wa jiwe. Hakuna aliyemwita tena kuwa shahidi, si kwenye posa wala kwenye mauziano ya ng'ombe. Aliyekuwa amemchumbia Fanostrata alijitoa, na msichana akakaa miaka sita kabla ya kuolewa na mjane wa Ramno. Ilikuwa adhabu kubwa kwa maneno ya uongo, nami nilimhurumia. Mwaka wa tatu nilimpelekea kondoo, na tangu hapo tumekuwa kama zamani. Niliapa nilichokiamini. Kwa hilo sijawahi kukosa usingizi.

Siku ya ishirini na sita

Kikapu kimoja kimepotea. Mane, mtumwa wetu, anasema hakipo, Hedile anasema kipo.

Mwezi wa Maimakterioni, siku ya tano

Mvua imeanza, kubwa kuliko kawaida. Zeituni zilizoanguka tunaziokota kwenye tope. Kikapu kimepatikana, Hedile alikuwa amekikalia.

Siku ya saba

Mvua.

Siku ya tisa

Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika hili.

Usiku korongo lilijaa na kula kingo. Asubuhi nilishuka na Mane kutazama ile mizeituni minne. Mane ni mtu wa Frigia, yuko nasi tangu kabla sijaoa, na miti anaijua kuliko mimi. Mzeituni wa nne, ulio mbali zaidi na korongo, ulikuwa umesombwa udongo upande mmoja na mizizi ilikuwa nje kama vidole. Mane akaanza kuchimba apate pa kuegemeza gogo la kuuzuia. Jembe likagonga kitu. Akachimba kwa mikono.

Lilikuwa jiwe lililochongwa, limelala kwa ubavu, mzizi umelizunguka kama mtu anayemkumbatia mwenzake. Nilipangusa tope kwa kidole gumba. Herufi zake ni za kizamani, za wakati wa babu zetu, lakini zinasomeka: MPAKA.

Nilikaa chini kwenye tope. Mane hajui kusoma, lakini ameishi kijiji hiki na anajua watu wanamwamkiaje Smikitho. Aliniuliza alete nyenzo tulinyanyue, lisimame, lionekane. Nikamwambia arudishe udongo kwanza, mizizi isipate baridi. Akanitazama kidogo, akarudisha udongo. Alipomaliza akapiga-piga juu kwa jembe na kusema, "Mvua itarudi, bwana."

Nilimwambia nitaenda kwa Smikitho jioni. Jioni mvua ilinyesha.

Siku ya kumi

Nimegeuza gombo kusoma mwalimu alivyosema kuhusu kutenda bila kujua. Alisema hivi, kwa ufupi. Watu wawili wamefanya jambo baya bila kujua ni baya. Baadaye wote wawili wanagundua. Mmoja anaumia kwa alilofanya, mwingine haumii. Yule wa kwanza tunasema alitenda bila kutaka. Yule wa pili hatuwezi kusema hivyo, kwa sababu hata sasa anapojua, hakuna kinachomwonyesha kwamba hakutaka. Tazameni basi, alisema mwalimu, jinsi maumivu ya leo yanavyoeleza tendo la jana.

Nimefurahi sana kuikuta sehemu hii. Nami naumia. Kwa hiyo nilitenda bila kutaka, na doa si langu.

Nilimweleza Hedile wakati wa chakula, bila kutaja majina. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichagua dengu. Kisha akauliza, "Huyo anayeumia, anaumia wapi? Goti langu linaniuma tangu mwaka wa tetemeko, na halijamsaidia mtu yeyote."

Nikamwambia haya ni maumivu ya nafsi. Akasema basi ni afadhali, hayahitaji kuchuliwa mafuta.

Siku ya kumi na tatu

Tumechuma. Sikwenda kwa Smikitho.

Siku ya kumi na nne

Jua kidogo. Sikwenda.

Siku ya kumi na saba

Smikitho amekuja mwenyewe. Hedile alimwita ale dengu, maana anajua mzee akiwa peke yake hula vitunguu na mkate wa shayiri wa juzi. Aliuliza hali ya miti baada ya mvua. Alisema amesikia korongo usiku, sauti yake imebadilika, na akasema kipofu hupata habari zote kwa kuchelewa lakini huzipata. Nilimwambia miti imesimama. Kweli imesimama.

Hedile alimtania kwamba huko Ramno atawekwa jikoni alee wajukuu. Akasema atawafundisha kucheza kamari, na tayari anajua yupi ana bahati. Halafu, Hedile alipotoka kuleta divai, akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka sasa.

"Ramno hawajui habari za jiwe, jirani. Nitakuwa mzee tu kama wazee wengine, na hilo nalitamani. Kinachonikera ni huku. Babu yangu amelazwa kwenye ardhi hii, na watu wa hapa wanajua kwamba mjukuu wake alimsingizia jiwe ambalo hakulisimamisha. Hilo siwezi kulipakia kwenye mkokoteni."

Nilifungua mdomo. Hedile akaingia na divai. Nikaomba nimimine mimi.

Miaka yote hii nilidhani anacheka kwa sababu amesahau. Leo nimemtazama usoni kwa makini, jambo ambalo mtu huweza kulifanya kwa kipofu bila kuonekana, na nimeona kwamba anacheka kama vile wengine wanavyofumba macho daktari anapokata jipu.

Siku ya ishirini na mbili

Lazima niandike yote, vinginevyo kuandika huku ni kupoteza wino.

Siku ile ya msuluhishi, kabla ya kiapo, Smikitho alipendekeza jambo lingine. Alisema tuchimbe. Watu wawili wake, wawili wangu, siku moja tu, kuanzia korongo kwenda mzeituni wa nne. Jiwe lisipopatikana atanyamaza milele. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema ni matusi shamba langu kufukuliwa kama la mwizi, na neno la baba yangu linatosha. Watu walipiga makofi. Nikajiona mtu wa heshima.

Tena baba yangu hakuniambia korongo. Nimelikumbuka hilo jana nikiwa juu ya ngazi, mkono kwenye tawi. Aliniambia "kule chini." Nilikuwa mtoto, kule chini palikuwa na korongo, na mengine nikajazia mwenyewe.

Iko miji ambako mlevi akimpiga mtu hutozwa faini mara mbili, moja ya kupiga na moja ya kulewa, kwa kuwa asingelewa angejua anachofanya. Mwalimu aliipenda sana sheria hiyo. Mimi sikujua lilipo jiwe, ni kweli. Lakini sikujua kwa sababu nilikataa kuchimba. Ile furaha ya tarehe kumi imeniishia.

Siku ya ishirini na tatu

Mvua. Sikwenda.

Siku ya ishirini na nne

Mvua. Mane amekwenda mara mbili kukanyaga udongo pale chini ya mti bila kuambiwa. Sikwenda.

Siku ya ishirini na nane

Nimejiuliza ninaogopa nini hasa. Si kupoteza miti minne. Sioni pia kama naogopa kuchekwa, maana umri wangu ni wa kuchekwa.

Niliapa kwa nyumba yangu yote. Maneno ya kiapo yanajulikana: kama nasema uongo, niangamie mimi na kizazi changu. Filino wetu alikuwa na miaka mitatu siku ile. Kiangazi kilichofuata alikufa kwa homa. Hatukupata mtoto mwingine.

Nikisimama na kusema kiapo kilikuwa cha uongo, kila mama wa kijiji hiki atahesabu miezi kwa vidole. Na Hedile atahesabu. Nimeishi naye miaka thelathini na minane. Naweza kumpelekea habari yoyote duniani, isipokuwa hii.

Mwezi wa Poseideoni, siku ya tatu

Tumeanza kukamua. Jiwe la kinu linanguruma tangu alfajiri, na mikono ya Mane inang'aa mpaka kwenye viwiko. Nilimpelekea Smikitho mtungi wa mafuta ya kwanza, yale ya kijani, yaliyo bora. Alichovya kidole, akaonja, akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, ni zawadi ya safari. Akasema mara ya mwisho nilipomletea zawadi bila sababu ilikuwa kondoo, na kondoo yule alikuwa mgonjwa.

Alisema binti yake atafika siku ya kumi na sita na mkokoteni.

Siku ya nane

Kukamua. Hedile ananiuliza kwa nini sili.

Siku ya kumi na moja

Mvua ya jana ilifukua tena. Hedile alishuka asubuhi kuchuma mboga za mwituni kando ya korongo. Alirudi kikapu kikiwa kitupu. Hajui kusoma, lakini alikuwa ameshika kipande cha mkaa, na kwenye sakafu, mbele yangu, alichora zile herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayechora wadudu. Akauliza ni neno gani.

Nikamwambia.

Aliuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia hilo pia. Kisha nikamwambia lile lingine, la kiapo na mtoto, kwa sababu nilichoka kulibeba na kwa sababu macho yake hayakuniacha. Nililisema vibaya, kwa kugugumia, mimi ambaye watu hunisifu kwa kueleza. Nilimwambia kwamba nimeogopa ataniona mimi ndiye niliyemuua.

Hedile alikaa kwenye kigoda. Alikuwa hajaniita kwa jina lile kwa muda mrefu sana.

"Baba Filino," alisema, "mtoto alikufa kwa homa. Kiangazi kile homa ilichukua watoto kumi na mmoja katika kijiji hiki. Mimi niliwaosha wanne kati yao. Baba zao wengine hawakuwahi kuapa hata kwa kitunguu."

Nikasema pengine miungu hawahesabu kama sisi.

"Kama wanahesabu hivyo, basi waniue mimi nikawaulize. Nilikwisha kufikiri hayo yote. Unadhani kwa miaka ishirini sijafikiri? Nilifikiri ni yale maziwa, nilifikiri ni kisima, nilifikiri ni kwa sababu nilimpiga siku ya sikukuu. Nilitafuta kosa langu kila mahali, nikachoka. Sasa umeleta lako, na hilo nalo si lenyewe." Akapangusa mkaa mikononi kwa vazi lake jeupe, jambo ambalo angenigombeza kama ningelifanya mimi. "Lakini la Smikitho ni lenyewe. Hilo ni lako, liko pale chini ya mti, nimelikanyaga kwa mguu wangu. Kwa nini unalia kwa lile ambalo si lako na unalificha lile ambalo ni lako?"

Nilitaka kumjibu. Alinisogelea, akaniegemea begani, akasema mkono wangu unanuka kinu. Akasema nimwambie Smikitho pale nilipoapia, si jikoni.

Siku ya kumi na nne

Leo ilikuwa sikukuu ya Dioniso ya kijiji. Andamano lilipita na mtungi wa divai, mbuzi na kapu la tini, na wanaume juu ya mikokoteni wakiwatukana wapita njia kwa utani, kama inavyotakiwa siku hii. Mimi nilitukaniwa masikio yangu. Hedile alitukaniwa mume wake.

Sadaka ilipokwisha, watu wakiwa bado wamekusanyika karibu na madhabahu ya Zeu wa Mipaka, nilimwomba mkuu wa kijiji ruhusa ya kusema. Niliweka mkono palepale nilipouweka zamani. Nikasema kwamba miaka ishirini na miwili iliyopita niliapa hapa kuwa mpaka ni korongo, na kwamba leo nasema mpaka ni jiwe, na jiwe liko chini ya mzeituni wa nne.

Watu walicheka.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Ni siku ya matusi na utani, na neno jiwe likitajwa mbele ya Smikitho kijiji hiki hucheka, kama vile mbwa anavyobweka mtu akigonga mlango. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti kwamba mwanafalsafa amelewa mapema. Nikamtafuta Smikitho. Alikuwa amekaa kwenye jiwe la kupandia farasi, uso ameuinua kuelekea sauti yangu, na alikuwa anatabasamu, lile tabasamu lake la kila siku, akingojea mwisho wa mzaha. Alidhani na mimi namtania. Mbele ya watu wote, siku mbili kabla ya kuondoka.

Nilimwita Mane. Mtumwa hasemi kwenye mkutano, lakini anaweza kusimama, naye alikuja akasimama kando yangu na lile jembe, tope bado limegandia. Hedile alisimama upande wa wanawake, amenyooka, hacheki. Watu walimtazama yeye, halafu wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine.

Nikaanza tena. "Huu si utani wa sikukuu. Smikitho alisema kweli. Aliniomba tuchimbe, nikakataa kwa kiburi, nikaapa uongo hapa mlipo. Babu yake alisimamisha jiwe, na jina la mwongo ni langu. Anayetaka kuliona aje nami sasa hivi."

Mkuu wa kijiji alikuwa mtoto siku ile ya kiapo, alitazama wazee kuona afanye nini, na wazee walitazama chini. Tabasamu la Smikitho liliondoka polepole. Bila tabasamu lile ni mtu mwingine kabisa, mtu ambaye sikuwa nimemwona tangu tukiwa na miaka arobaini na mitano. Alisimama akishika bega la mtu aliyekuwa karibu.

Aliuliza swali moja tu. "Uliliona lini?"

Ningeweza kusema siku nne zilizopita. Mvua ilikuwa imefukua tena siku hiyo.

"Siku ya tisa ya mwezi uliopita," nikasema.

Alihesabu kwa vidole, bila haraka, na kijiji kizima kikamsubiri. "Siku thelathini na tano."

"Ndiyo."

"Nilikula dengu kwako."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. "Ile miaka ishirini na miwili nakusamehe, Antidoro. Ulikuwa mjinga, na ujinga tuligawiwa sote, hata mimi. Lakini hizi siku thelathini na tano ulikuwa unajua. Hizo sijui nizifanye nini."

Kisha akamwomba Mane ampeleke nyumbani.

Siku ya kumi na tano

Watu wamekuja tangu asubuhi kulitazama jiwe. Mane na vijana wamelinyanyua. Limesimama.

Siku ya kumi na sita

Fanostrata alifika mchana. Ni mwanamke mnene sasa, mwenye sauti ya amri, na hakunisalimu, nami sikutegemea anisalimu. Walipopakia vitu, Smikitho aliomba mkokoteni upitie korongoni. Hedile alimshika mkono kumshusha. Alipiga magoti, akapeleka vidole kwenye herufi, ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Alikaa hivyo kwa muda ambao mtu anaweza kutafuna mkate mzima. Fanostrata alijifunika uso kwa shela.

Aliposimama alisema herufi zimechongwa vibaya, babu yake alikuwa na haraka.

Nilitembea kando ya mkokoteni mpaka kivukoni. Tulizungumza habari za meno, na za ng'ombe wa kushoto aliyekuwa anachechemea. Nilimwambia mizeituni minne ni yake. Akasema hana macho ya kuichuma, niichume mimi mwaka wa kuzaa, na mafuta nimpelekee Ramno mwenyewe, kwa miguu yangu, bila punda. "Ukifika," alisema, "huenda nitakuwa nimejua la kufanya na zile siku." Ni mwendo wa siku nzima, na mimi nitakuwa na miaka sitini na tisa. Hedile amekwisha kusema atakuja nami, kwa sababu peke yangu nitasimama njiani kumweleza mtu jambo.

Mwalimu wangu alikuwa sahihi kwamba majuto si wema. Lakini mimi niliyasikia maneno yake kama ruhusa. Nilijuta siku thelathini na tano, kwa uaminifu, kwa machozi, kwa kugeuza magombo, na siku zote hizo Smikitho alikuwa mwongo kijijini kwake huku ukweli umelala hatua chache kutoka mlangoni mwangu. Kosa la zamani lilikuwa la kiburi na la kutojua. Hili la sasa nililifanya nikijua kila kitu, huku nikijiona mtu mwenye nafsi nyororo.

Wewe utakayelima shamba hili na kulisoma gombo hili, kama kuna mtu uliyemkosea na bado yuko hai, vaa viatu uende kwake leo, kabla hujala, ukamwambie mbele ya wale walioshuhudia kosa lako mara ya kwanza.